Nafasi ya Baba Kwenye Bima

Nilijua tumeharibikiwa pale yule kijana wa dirisha la bima, hospitali ya mkoa, alipoanza kumsifia mama yangu kwa ndoa yake.

Alikuwa kijana mchangamfu, mtu wa Kanda ya Ziwa aliyepangiwa kazi huku kwetu kusini. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamenuna, basi akaona awachangamshe. Aliziweka kadi mbili mezani, ya mama na ya mjomba, akatazama kompyuta yake, halafu akawatazama wenyewe walivyokaa bega kwa bega kwenye benchi la mbele. Mama alikuja kwa ajili ya presha yake. Mjomba alikuja kwa jambo kubwa zaidi, maana chini ya kanzu yake kulikuwa na mpira wa mkojo na mfuko uliofungwa pajani, na daktari alikuwa ameshasema tezi dume itolewe.

"Hongereni sana wazee wangu," kijana akasema. "Mmezeeka pamoja mpaka mmefanana sura! Sisi wa siku hizi ndoa zetu zinavunjika kabla sahani za harusi hazijapasuka. Haya mama, sogea hapa, mumeo anafanyiwa upasuaji, wewe mkewe ndiye wa kumsainia."

Mama aliangusha mtandio. Nasema aliangusha, mwanamke ambaye sijawahi kuona kichwa chake wazi mbele ya mwanaume asiye ndugu. Mjomba aligeuka polepole, akaniangalia mimi kwanza, kisha kijana.

"Umesema nani mume wa nani?"

"Si wewe, mzee? Baba na mama wa mwanachama. Hawa hapa, wazazi wote wawili, Mungu awazidishie."

"Huyu ni dada yangu," mjomba akasema. "Tumbo moja. Ziwa moja."

Jamani, ile foleni! Watu waliokuwa wanasinzia waliamka. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisema "Mtume!" kwa sauti, na mzee mwingine akashika ndevu akaacha mdomo wazi. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya maji mkononi, natamani ardhi ipasuke.

Niseme ilikuwaje, maana najua unafikiri tulikuwa wezi wa bima.

Mimi ni afisa ugani Ruangwa. Kazi yangu ni korosho na ufuta, kuzunguka na pikipiki kwenye mashamba ya watu nikigombana nao kuhusu dawa ya kupulizia. Mwajiriwa wa serikali ana bima ya afya, na bima hiyo inambeba yeye, mwenza wake, watoto ambao hawajavuka umri, na wazazi au wakwe. Mume nilishaachana naye, kwa hiyo wakwe sina. Wazazi wangu kwenye vyeti vyote ni mama, na mjomba.

Nilizaliwa Lionja, na baba yangu mzazi aliachana na mama nikiwa bado natambaa, akarudi kwao Mtua. Hakuna ugomvi. Tunakutana misibani, ananiuliza habari za kazi, namwamkia, tunaishia hapo. Aliyenipeleka shule ni mjomba. Aliyenichapa nilipokimbia shule ni mjomba. Mwalimu mkuu, mtu wa kuja, alipouliza baba wa mtoto ni nani, mjomba alijibu, "Andika mimi." Hakudanganya hata chembe. Kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye mtoto ni kaka wa mama. Baba anaheshimiwa, lakini ukiuliza huyu mtoto ni wa nani, utatajiwa mjomba. Nusu ya darasa letu tuliandikwa hivyo. Cheti cha kuzaliwa kilipokuja kutafutwa, kilifuata majina ya shule, na ajira ikafuata cheti, na bima ikafuata ajira. Sikuwahi kufikiri kuwa kuna kosa. Baba yangu ni nani? Mjomba. Mama yangu ni nani? Mama. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba mtu wa mbali akiwasoma hao wawili kwa pamoja atawaona ni mtu na mkewe.

Sasa hilo ndilo lililompiga mjomba. Mkojo kumziba, mpira kumwingia, vyote hivyo alivivumilia bila kulalamika. Lakini hili hapana.

"Kwa hiyo serikali yote," akasema, "mpaka huko Dodoma, wanajua mimi nalala na dada yangu?"

"Mzee, hapana, siyo hivyo..." Kijana naye alikuwa ameishiwa uchangamfu wote.

"Nifute. Nifute sasa hivi, mbele ya macho yangu."

"Mjomba," nikasema, "upasuaji kwanza. Mengine tutayarekebisha baadaye."

"Wewe nyamaza! Nakwenda kulala kitanda cha haramu, wanipasue tumbo, nife humo humo, nikaseme nini kwa Mola wangu? Kwamba nilitibiwa kama mume wa dada yangu?"

Kijana alinivuta pembeni. Sitamsema vibaya, alikuwa na utu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee ameshatamka mbele ya watu, na yeye hawezi tena kumpitisha kama baba wa mwanachama. Akaniambia nikarekebishe mambo yangu mwenyewe mapema kabla sijaitwa kujieleza. Kisha akaanza kutafuta njia, masikini, anajikuna kichwa. Je, mzee hana msamaha wa wazee, ule wa wasiojiweza? Nilicheka kwa hasira. Mtendaji alipokuja kijijini kuwaandika wazee wasiojiweza, mjomba alisimama mbele ya mkutano mzima akasema yeye ana mikorosho, ana mikono, na atakayemwita maskini amfuate shambani wakapimane jembe. Watu walimpigia makofi. Nilikuwepo, na mimi nilipiga makofi, mjinga mimi.

"Basi hana mtoto wa kumzaa aliyeajiriwa?" kijana akauliza. "Akiwa naye, huyo anamwandikisha kihalali kabisa. Damu ni damu."

Moyo ukanirudi mahali pake. Alikuwa naye! Binamu yangu, mtoto wa mjomba wa kumzaa, ni dereva wa halmashauri Nachingwea, mwajiriwa kama mimi. Nilijiona mpumbavu kwa kutomfikiria tangu mwanzo. Nikawachukua wazee wangu tukapanda gari kurudi Nachingwea, mjomba amekaa siti ya dirishani, mama siti ya nyuma kabisa, kwa sababu mjomba alikataa wakae pamoja. Watu wa tumbo moja, wamekula sahani moja tangu utoto, leo wanaoneana haya kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Nililia njiani, sikufichi.

Binamu alitupokea vizuri. Yeye na mimi ni watani, hatuwezi kuongea dakika mbili bila kutupiana maneno. Nilipomsimulia ya dirishani alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona uso wa baba yake, akakoma. Nikamwambia shida yetu. Daktari amesema mpira ule si wa kukaa nao. Homa zimeshaanza kumpanda, na uchafu ukifika kwenye figo hatuna mzee. Hela ya msimu imeshakwisha, msimu mwingine uko mbali. Amwandikishe baba yake kwenye bima, baba yake halisi, damu yake, na tumbo likapasuliwe wiki hii hii.

Binamu alitazama chini.

"Nafasi ya baba ina mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Wewe dada, huna akili? Mimi nani alinipeleka jandoni? Nani alinisomesha?"

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko mtu yeyote duniani. Binamu alilelewa Kiegei, na kaka wa mama yake, kama mimi nilivyolelewa na kaka wa mama yangu. Vyeti vyake navyo vinasema hivyo. Mjomba wangu alimzaa mtoto, akamkabidhi kwa shemeji yake, kwa sababu ndiyo desturi, kisha akaja akamlea mtoto wa dada yake, kwa sababu ndiyo desturi. Alilea mtoto asiyeweza kumwandikisha, na anayeweza kumwandikisha alilelewa na mwingine. Nilikaa chini sakafuni.

"Kwani huwezi kwenda mahakamani ukala kiapo, ukarekebisha cheti?" nikamuuliza. "Wazee wapo, watasema wewe ni mtoto wa nani."

"Naweza. Nikila kiapo leo, baba anaingia. Na mzee wa Kiegei anatoka." Akanitazama. "Yule hana mtoto wa kumzaa hata mmoja. Akitoka kwangu, hana pengine pa kwenda."

Kisha, kwa sababu ni mtani na hajui kukaa na uzito, akasema, "Au nikuoe, baba awe mkwe wako, bima inaruhusu wakwe."

"Mkwe gani, wewe? Kwenye cheti chako baba si yule wa Kiegei? Nitakuwa nimeolewa na uso huo bure!"

Tulicheka kidogo. Mama hakucheka. Mama aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu kweli, kwani ndoa hiyo ingekuwa na ubaya gani, mbona zamani mabinamu walikuwa wanaozwa. Nilimtazama mama yangu nisiamini masikio yangu. Mwanamke ambaye asubuhi aliangusha mtandio kwa kuitwa mke wa kaka yake, jioni alikuwa tayari kuniuza kwa binamu ili kaka huyo apate kitanda cha hospitali. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi alivyokuwa anaogopa.

Kesho yake tulikwenda Kiegei. Mjomba ndiye aliyetaka. Alisema jambo la mtu haliongelewi mgongoni kwake. Mkewe alikuwa ameshatangulia huko, maana mzee wa Kiegei ni kaka yake, na yeye ndiye aliyekuwa akimuuguza. Huyu mke wa mjomba ni mwanamke mkimya. Nimekaa naye miaka yote ya utoto wangu na sikumbuki kumsikia akipandisha sauti.

Tulijua mzee anaumwa kisukari. Hatukujua kwamba mguu ulikuwa umekatwa. Tulipoingia chumbani mjomba alikwenda moja kwa moja kumshika shemeji yake mkono, akakaa kitandani, na alipokaa aliona shuka limelala tambarare mahali ambapo mguu ulipaswa kuwepo. Aliruka, akasimama, mpaka mfuko wake ukavutika na akaguna kwa maumivu.

"Lini?" akauliza.

"Nilisema wasikwambie," mzee akajibu. "Nawe nimesikia una lako. Wazee wawili, mmoja anavuja, mwingine anapungua."

Walicheka, wale wazee, wallahi walicheka, na sisi wengine tulisimama pale tumekauka. Binamu alijaribu kuanza kueleza, lakini mzee alimkatiza kwa mkono.

"Najua walichokuja nacho. Nitoe mimi," akamwambia binamu. "Mweke baba yako. Mimi hii sindano ya kila siku inanisukuma tu."

Nitasema kweli, moyo wangu ulisema ndiyo. Nilimwangalia mjomba nikimwombea kimoyomoyo akubali, hebu akubali tu, mara moja katika maisha yake apokee kitu.

"Hapana," mjomba akasema.

"Shemeji, mtoto ni wako."

"Nilikupa. Nilikuja hapa na mtoto huyu, nikakwambia mchukue, mlee, ni wako. Ulimchukua na njaa ile ile uliyokuwa nayo. Sasa leo nije kukupora kwa sababu ya mkojo? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Utakuwa mtu mzima wa afya!" nikafoka. Sikuweza kujizuia. "Nyinyi mnapeana heshima na sisi tutabaki na makaburi!"

Mama alinifinya mkono mpaka ngozi ikauma. Mjomba alikaa tena kitandani, pale penye nafasi, akaanza kumuuliza shemeji yake habari za mikorosho, kama imeanza kutoa maua. Waliongea hivyo mpaka adhuhuri.

Tulirudi Lionja na mpira wetu. Tulikuwa tunakwenda kuubadilisha kituo cha afya, na kila ukibadilishwa homa ilipanda zaidi. Nilizunguka kwa ndugu na wafanyakazi wenzangu kuchangisha, nikazungushwa, nikatukanana na watu wawili ambao mpaka leo hatusalimiani. Mjomba alikuwa anakonda. Kanzu ilimning'inia. Usiku wa homa alikuwa anaongea Kimwera kitupu, anamwita mama yake, na mama yangu anamjibu kwa niaba ya marehemu bibi.

Kisha simu ikaja kutoka Kiegei, alfajiri. Mzee amefariki.

Sijui nieleze vipi ule mshtuko. Nilikuwa natarajia simu ya msiba, lakini ya msiba wetu. Tulikwenda. Mjomba, na homa yake, alikataa kubaki nyumbani. Alishuka kaburini pamoja na vijana kumpokea shemeji yake, mfuko umefungwa pajani, na alipopandishwa juu kanzu ilikuwa na tope na damu kidogo kwa mbele. Watu waliona, wakageuza macho.

Baada ya maziko wanaume walikaa mkekani nje, sisi wanawake tuko ndani, mlango wazi. Nilimwona binamu akisogea karibu na baba yake. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, maana aliyezikwa alikuwa baba yake pia, wa maisha yake yote. Aliongea taratibu, lakini nilikuwa karibu na mlango na nilisikia.

"Baba," akasema, "wiki hii nakwenda mahakamani. Nafasi ipo sasa."

Nilishtuka. Mkeka wa msiba bado haujapata hata joto! Na hapo hapo, bila kujitambua, nikawa nimesimama, nasubiri jibu la mjomba kwa roho mkononi.

Mjomba aliinua uso. Ulikuwa wa majivu. "Arobaini ipite kwanza," akasema. "Mtu hajalala kaburini hata usiku mmoja, mimi niingie mahali pake? Watu watasema nilikuwa nangojea."

"Daktari amesema..."

"Arobaini ipite."

Wazee waliokuwa karibu walitikisa kichwa kumkubalia, ndiyo, hayo ndiyo maneno ya mtu mzima. Mimi damu ilinichemka. Nilitaka kutoka nikamshike kanzu nimtikise. Mama alikuwa analia kimya kimya ukutani. Homa ile isingesubiri arobaini yoyote, sote tulijua, na yeye alijua.

Ndipo mkewe akainuka. Alikuwa amekaa mkekani kati ya wafiwa, yeye ndiye mfiwa mkuu, amejifunga kanga kichwani na macho hayaonekani. Alitoka mlangoni, mbele ya wanaume wote, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hafanyi siku ya maziko. Alisimama mbele ya mumewe.

"Leo nimemzika kaka yangu," akasema, na sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Wewe unataka nani aseme ulikuwa na heshima? Mimi? Mimi nitakuwa ndani, nimevaa nyeupe, nahesabu miezi." Alivuta pumzi. "Eda yako sikai. Umesikia? Sikai!"

Mjomba akanyoosha mkono mmoja kwa mwanawe, mwingine kwangu mimi niliyekuwa nimeshafika mlangoni, akasema tumsaidie kusimama.